Troli inayojirudisha au kiberenge cha genge: kipi kinaifaa rafu ya futi 8?

Mwanareli wa Columbus:
Salaam kwenu nyote. Juu ya kabati langu la vitabu kuna rafu yenye urefu wa futi 8, yaani takriban mita 2.4, isiyo na nafasi ya kona wala mzunguko. Nataka chombo kimoja kiende na kurudi chenyewe juu ya reli tatu za kipimo cha O, ukubwa mmojawapo wa treni za kuchezea, wakati treni kubwa ikizunguka kwenye meza iliyo chini. Nimebakiwa na njia tatu: troli, yaani tramu ndogo, Na. 60 ya Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za kuchezea, iliyotoka mwaka 1955, ile ya manjano yenye paa jekundu. Kiberenge cha genge Na. 50 cha kampuni hiyo hiyo, yaani kigari cha mafundi wa reli, kilichotangulia kwa mwaka mmoja. Au troli mpya ya siku hizi yenye saketi ya kielektroniki. Fedha niliyonayo inatosha kununua kimoja tu, kwa hiyo ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuvitumia na si waliovitazama kwenye picha.

Fundi Koili:
Ndugu yangu, kabla ya kuchagua chombo, angalia kwanza mwisho wa reli yako. Vyombo hivyo viwili vya zamani havina namna ya kujua kwamba reli imekwisha. Bampa zake zimeunganishwa na swichi ya kuteleza iliyo chini ya sakafu. Bampa ya mbele ikigonga kizuizi, mwili wa chombo huendelea kusonga kidogo, swichi inasukumwa upande wa pili, umeme kwenye mota unabadilishwa njia, na chombo kinarudi kilikotoka. Mota zenyewe hutumia mkondo geu (AC), ule unaobadili upande wenyewe kila mara, ndiyo maana kupindua nyaya za transfoma hakusaidii kitu: mabadiliko lazima yafanyike ndani ya chombo.

Kwa hiyo kizuizi kikazwe kwa skrubu hadi kwenye ubao, kwa sababu kikitingishika hata kidogo kinameza nguvu iliyotakiwa kusukuma swichi. Mwendo nao una kipimo chake. Ukiwa mdogo mno, bampa inagusa tu, na troli inabaki pale pale ikinguruma hadi mota ipate moto. Ukizidi, magurudumu ya mbele yanaruka reli. Mimi ningechukua Na. 60, kwa kuwa ni nzito kuliko kiberenge na hutulia zaidi inapogonga.

Bi. Saida, Toronto:
Mzee Fundi amesema kweli kuhusu kizuizi, lakini kiberenge amekipunja. Kile cha Na. 50 kina wanasesere watatu, na mmoja wao aliyesimama hugeuka kila chombo kinapogonga, akaelekea kule wanakokwenda. Wajukuu wangu wanaweza kumtazama nusu saa nzima, jambo ambalo troli yenye abiria wasiosogea haiwezi kulifanya. Mume wangu, aliyekulia Tabora kwenye nyumba za reli, alipokiona mara ya kwanza alikiita kiberenge papo hapo, maana ndicho walichokijua wao: chombo kidogo chenye mota kilichobeba genge la kukagua mataruma.

Ila nakuonya kuhusu ununuzi. Changu nilikinunua kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeandika kwamba kinafanya kazi vizuri, nacho kikafika na grisi iliyoganda kama nta na miguso ya swichi iliyokuwa myeusi tititi. Kilikwenda upande mmoja tu. Nilisafisha miguso kwa pamba na spiriti, nikatoa grisi yote kwenye gia, nikaweka mpya kiasi cha kichwa cha kiberiti, na hapo ndipo nilipousikia ule mlio wa “tak” kwa mara ya kwanza. Usitumie msasa, kwani hukwaruza shaba na uchafu hurudi upesi.

Kilindini:
Shikamoo Bi. Saida, na salaam kwa wengine. Mimi niko Mombasa, mji ambao mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa na troli za reli nyembamba zilizosukumwa na watu kwa mikono, kwa hiyo suala la kujirudisha lilikuwa jepesi: wasukumaji walihamia upande wa pili. Swali langu ni kuhusu umeme. Huku tuna volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali transfoma hizo za Marekani ni za volti 120 na mizunguko 60. Je, chombo chenyewe kitaharibika?

Fundi Koili:
Chombo hakitadhurika, kwa sababu mota za zamani za Lionel hazijali kama mizunguko ni 50 au 60. Itakayoungua ni transfoma, ukiichomeka moja kwa moja ukutani. Hata ukipunguza volti kwanza, transfoma iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 hupata joto zaidi kwenye 50, hivyo usiipakie mzigo mkubwa na usiiache ikiwaka usiku. Lililo bora ni transfoma iliyotengenezwa kwa umeme wa huko.

Dayodi Mbili:
Naomba niongeze njia ya nne, ambayo haihitaji kugonga chochote. Kwenye kipimo cha HO, kilicho kidogo kuliko O, chenye reli mbili na mkondo mnyoofu (DC) unaokwenda upande mmoja, kata reli moja karibu na kila mwisho, weka kihami kisichopitisha umeme, kisha unganisha pengo kwa dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Troli ikivuka pengo inakosa umeme na kusimama. Rilei yenye saa, yaani swichi inayojigeuza kwa muda uliopangwa, ikipindua umeme, dayodi inapitisha, na troli inaondoka taratibu kama iliyopakia abiria kituoni. Sehemu iliyokatwa iwe ndefu kuliko umbali ambao troli huserereka baada ya umeme kukatika. Mimi niliweka dayodi ya upande wa kushoto kinyume, nikaenda kuchemsha chai, na niliporudi troli ilikuwa sakafuni, imevunjika ngazi zote mbili.

Mwanareli wa Columbus:
Nawashukuru sana. Kuhamia HO siwezi, kwa kuwa reli za O nimekwisha kuzinunua. Je, ile troli mpya ina faida gani hasa?

Fundi Koili:
Huondoka kwa upole zaidi, na baadhi zina rola mbili za kuchukua umeme kutoka reli ya kati, kwa hiyo hazizimi ovyo penye uchafu. Hata hivyo uliza kabla ya kulipa kama inajirudisha kwa kugonga, maana si zote. Zisizo na bampa za namna hiyo hubadili mwelekeo pale tu unapokata umeme kwa mkono, na nyingine husimama kwanza zikisubiri ukate tena. Saketi ikifa, hutaitengeneza mezani kwako kama Bi. Saida alivyofanya na kile chake.

Mwanareli wa Columbus:
Basi nachukua kiberenge. Mzee Fundi aniwie radhi. Yule mwanasesere anayegeuka amenishinda. Vizuizi nitavikaza kesho kwa skrubu mbili kila upande.

Bi. Saida, Toronto:
Weka na ukingo wa mbao mbele ya rafu, mwanangu. Kiberenge ni chepesi na kina haraka.