Majina ya wanafunzi wa zamani wa Loreto Limuru: tuyatafuteje rejistani?

kurasa_za_zamani: Wadau, tunaandaa kijitabu cha historia ya Loreto Limuru, shule ya wasichana ya masista Wakatoliki, hasa maisha ya bwenini miaka ya 1950. Wanafunzi wengi wa enzi hizo leo wanajulikana kwa majina ya ndoa. Tuanzie wapi?

mtunza_hati: Anzeni na jina la ubatizo, kisha jina la baba. Mfano mzuri ni Wangari Maathai. Alipotoka St. Cecilia's, Mathari, Nyeri, na kuingia Limuru mwaka 1956, alikuwa Mary Josephine, jina alilolichukua alipoingia Ukatoliki. Akaenda nalo hadi chuoni Kansas mwaka 1960. Aliporudi Kenya 1966 ndipo akashika tena Wangari Muta. Mathai ni jina la mumewe, na ile "a" ya ziada aliiongeza baada ya talaka. Anayesaka "Maathai" katika majina ya 1956 atafunga kitabu akidhani hakusoma pale.

Chora jedwali la safu sita: namba ya kuandikishwa, jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba, shule alikotoka, jina la ndoa. Mpangilio ufuate namba, maana hiyo haiolewi.

jicho_la_tai: Msichanganye miaka pia. Masista wa Loreto walifika Kenya 1921 wakaanzisha Msongari, Nairobi, kwa watoto wa Wazungu. Limuru ilianza 1936 kwa wasichana Waafrika. Halafu Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka shule za misheni chini ya serikali, kanisa likabaki mdhamini. Kwa hiyo andikeni barua mbili, moja kwa mwalimu mkuu, nyingine kwa konventi, yaani nyumba ya masista. Mkikwama, kuna Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue.

bi_penseli: Picha za pamoja zilizoganda kwenye albamu ya gundi msizibandue, zitachanika. Pigeni picha ukurasa mzima kwa simu, karibu na dirisha, bila taa ya kamera, simu ikiwa sambamba na karatasi. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini. Wino hupenya, na picha zikirundikwa huchafua ya chini yake.

Kuhusu bweni, ukimwuliza bibi "maisha yalikuwaje?" atakujibu "yalikuwa mazuri" na kunyamaza. Mpitishe kengele moja moja: ya kuamka, ya Misa, ya sala ya Malaika wa Bwana adhuhuri, ya kuzima taa. Kila kengele, uliza alikuwa amesimama wapi, amevaa nini miguuni, maji ya kuoga yalitoka wapi. Limuru iko juu ya mita 2,000, baridi yake mnaijua, kwa hiyo uliza na blanketi zilikuwa ngapi.

mtunza_hati: Naongezea moja. Bibi akitaja Lejio ya Maria, ni chama cha walei (waumini wasio mapadre wala watawa) Wakatoliki kilichoanzia Dublin 1921, Wangari alikuwemo. Msikiandike "Legio Maria". Hilo ni kanisa lililojitenga huko Nyanza miaka ya 1960, na wahariri hugeuza Lejio kuwa hilo kimakosa kila mara.