68 yangu imesomwa mbele ya watu kama tangazo la msiba!!

Wakuu, nimetoka kwenye usaili sasa hivi, naandika nikiwa kituoni, mikono inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule aliyekaa Marekani miaka miwili akarudi na lafudhi ya miaka arobaini.

Kashika transkripti yangu, akavua miwani, akaivaa tena, akasoma jopo zima likisikia: "Hesabu za Uhandisi, sitini na naaane." Akacheka. "Kwetu hii ni D."

Kwetu! Kwetu wapi wakati kwao ni Kishapu?

Chuoni kwetu Dar 68 ni B+ jamani! Darasa letu waliopata A wangeenea bajaji moja na nafasi ikabaki. Nusu walikula sapu, wakarudia mitihani, wengine walidisko, yaani chuo kiliwaondoa, tukawasindikiza stendi na magodoro yao. Mimi nilipiga msuli mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga kuangalia kama bado napumua. Leo mtu anasema D. Tena anacheka! Na katibu wa jopo naye akacheka, hata hajui kinachochekwa.

Sawa, kule A ni 90. Basi aletewe mtihani wa profesa wetu aufanye hata kwa desa la kuibia, tuone hiyo 90.

"Sitini na naaane." Mxiuuu.

Mzee wa Madesa: Pole mkuu, ila D ni D 😂😂

Binti Ubungo: Shukuru wewe wa hesabu, jibu likiwa sahihi hakuna wa kukunyima. Sisi wa fasihi unaandika kurasa nane unapewa 62 na neno "Jitahidi". Kwetu 75 haijaonekana tangu Uhuru.

Kamanda wa Thika: Hata huku Kenya A ni 70. Sote tulirithi kwa Mwingereza, kwake 70 ni daraja la kwanza mpaka leo. Chuo chenu cha Dar si kilianza 1961 chini ya University of London? Huyo jamaa akagombane na London.

Ssebo: Mnadeka. Makerere A inaanzia 80. Hiyo 68 ungeificha hata kwa mama.

Ngosha wa Hamburg: Afadhali yenu. Mimi nina 1.3 ya Ujerumani. Huku 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 5.0 umefeli. Nimeomba kazi Dar nikajibiwa wastani wangu (GPA) ni mdogo, hauruhusu hata kuitwa. Baba mkwe naye kaiona, posa imesimama.

Mzee wa Madesa: 1.3!! Mkuu wewe umedisko kwa Kijerumani 😂

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Kasema D. MBELE YA JOPO.

Binti Ubungo: Ngosha, huko majaketi ya baridi mnapata kwa bei gani? Nina mtu anasafiri.

Ngosha wa Hamburg: Njoo PM dada. Saizi gani?

Kamanda wa Thika: Na mimi nitumie picha.