Breki ya mbele ya DT imeng'ang'ania: kweli ninunue kalipa nyingine?

Kijana wa Kisesa
Wakuu, habari za jioni. Nina Yamaha DT 125 ya zamani, ile ya diski mbele, nimeachiwa na baba mdogo. Ilikaa Ukerewe miaka miwili imeegeshwa chini ya mwembe. Nimeivusha na kivuko, injini imewaka bila shida, ila breki ya mbele ikikamata haiachii. Jana nimetoka Kisesa, kufika Buzuruga pikipiki nzito kama nimepakia viroba viwili vya sembe. Nikamwagia diski maji ya chupa, yakalia chwaa! kama kitunguu kwenye mafuta ya moto. Fundi wa kijiweni anasema kalipa, kile chuma kinachobana diski, imekufa, ninunue nyingine, na yeye anayo. Naomba kuwasilisha.

Dagaa Mchele
Uza hiyo mkuu, chukua Boxer ya breki za ngoma 😂

Spana Namba Kumi
Usinunue kitu kwanza. Subiri ing'ang'anie, kisha ukiwa umeiegesha fungua nipo ya kutolea upepo pale kwenye kalipa, robo mzunguko tu. Tairi likiachia, kalipa yako haina kosa: presha imenaswa huko juu. Ni paipu ya oili iliyovimba kwa ndani, au kile kitundu kidogo cha kurudishia oili kwenye masta, ile pampu ya breki kwenye usukani, kimeziba. Tairi likibaki gumu vilevile, hapo ndipo ugonjwa uko kwenye kalipa. Lete majibu.

Kijana wa Kisesa
Nimefungua mkuu. Limetoka tone moja jeusi kama chai ya rangi iliyolala. Tairi gumu vilevile.

Spana Namba Kumi
Basi ni kalipa, na kalipa kufa ni nadra. Watu wengi wanadhani mle ndani kuna springi ya kurudisha pistoni, ile inayosukuma pedi zibane diski. Hakuna. Kinachoirudisha ni ile sili ya mpira: ukikamata breki inapinda, ukiachia inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kidogo sana, hata milimita haifiki. Sasa oili ya breki hunyonya unyevu hewani. Ikikaa miaka miwili, mfereji wa sili unaota ukoko mweupe, ukoko unaisukuma sili ibane pistoni, mchezo umeisha.

Toa pedi, lakini paipu ICHOMOE MWISHO. Pampu kwa mkono wa breki mpaka pistoni itoke yenyewe, weka kipande cha mbao mbele yake na vidole vikae mbali. Ukitangulia kuchomoa paipu, pistoni utaitoa na nini? Koleo? Utaikwaruza na hapo kweli utanunua.

Mama Kirumba
Kaka, mimi naendesha yangu kila siku, nikwambie kitu: zile pini ambazo kalipa inateleza juu yake nazo ziangalie. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikahangaika na pistoni wiki nzima, kumbe pini moja imekauka kabisa. Na usiioshee mwaloni, ule mchanga unaingia kila pahali.

Fundi Mzoefu
Osha kila kitu na petroli, paka oili ya injini, inateleza vizuri sana.

Spana Namba Kumi
Mzee, shikamoo, lakini hapana. Petroli na oili ya injini zinavimbisha sili za breki, baada ya muda mfupi itang'ang'ania kuliko mwanzo. Safisha kwa spiriti, sili mpya ziloweshe kwa oili mpya ya breki, DOT 4 au iliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta. Pini zipake grisi ya silikoni.

Kijana wa Kisesa
Wakuu, nimerudi. Pistoni ilitoka kwa kelele, pop! Ukoko nimeukuta, mweupe na mgumu kama chokaa. Nimeukwangua kwa kijiti cha mwanzi nilichochonga ncha yenye kona, jioni nzima. Pistoni nimeipitishia kucha, haina vishimo, nimeirudisha. Sili nimepata mjini baada ya kuzunguka maduka manne. Dada wa Kirumba, ulisema kweli, pini ya chini ilikuwa na kutu mpaka nikaigongea. Nimetoa upepo, nimepampu mpaka mkono wa breki ukawa mgumu, ndipo nikapanda. Leo nimeenda Buzuruga na kurudi, diski nimeigusa kwa kidole: vuguvugu tu. Ukiinua tairi ukalizungusha linakwenda lenyewe.

Tatizo moja. Oili ya breki imenidondokea kwenye tangi, sikufuta mapema, rangi imebabuka ukubwa wa kiganja. Baba mdogo anakuja Krismasi.

Spana Namba Kumi
Ningekuambia uwe na ndoo ya maji karibu, nimesahau. Samahani mkuu.

Dagaa Mchele
Mwambie ilitoka nayo Ukerewe.