Niendelee kuuza Jumapili?

Mama wa Dagaa:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Tangu mwezi wa nne nauza hata Jumapili, na faida naiona. Jana mwanangu wa miaka sita kaniuliza, "Mama, siku hizi hatusali?" Sikulala. Nifanyeje?

Mzee wa Kanisa:
Soma Luka 12:16–21, mwanangu. Yule tajiri hakuiba. Shamba lake lilizaa sana. Ila aliwaza ghala tu, na usiku uleule roho yake ikatakiwa.

Dereva:
Pole dada, ada za shule zinabana. Kwetu ibada ya kwanza inaisha saa tatu. Sali kwanza, ndipo ukauze.

Mama wa Dagaa:
Nimesoma, mzee wangu, nimelia. Jumapili hii turubai sifungui. Mtoto nimeshamfulia gauni.