Giro 2025: Del Toro alizembea, au Carapaz alimkomoa?

Mwanjelwa: Wadau, hili la mlima Finestre kwenye Giro, mbio za baiskeli za Italia, tulimalize. Asubuhi ya hatua ya 20 Del Toro ana jezi ya pinki ya anayeongoza, Carapaz yuko nyuma sekunde 43, Simon Yates kama dakika mbili. Jioni bingwa ni Yates. Del Toro alizembea. Mwenye jezi ndiye wa kufukuza, Carapaz hadaiwi kitu.

Ipogolo: 1:21, si dakika mbili, na hapo ndipo kesi ilipo. Mlima ni kilomita 18.5, wastani wa 9.2%. Sekunde nne na nusu kila kilomita zinatosha kuifuta. Carapaz kashambulia tangu chini, timu yake EF wamemvutia, yaani wamekaa mbele kumkatia upepo, kufa na kupona, halafu Yates akichomoka yeye Carapaz anagoma kuvuta? Huko ni kukomoana, na mwisho wake kashika nafasi ya tatu.

Tukuyu: Mnamsahau Van Aert. Visma, timu yake na Yates, walimtanguliza kwenye kundi la mbele, akavuka kilele kabla ya Yates, wakakutana upande wa pili. Kwenye 9% mwendo ni mdogo, kujificha nyuma ya mtu hakukusaidii sana. Lakini ukishuka Finestre unaikuta Sestriere: kilomita kama 16 za mlima laini, karibu 4%. Hapo mwendo unapanda na upepo ndio adui. Kileleni Yates alikuwa na kama dakika moja na nusu. Mwisho wa hatua ikawa zaidi ya 5. Wale wawili wanategeana, mwenzao anavutwa na mtu mwenye miguu ya mbio za saa.

Mafinga: Kumbe alibebwa. Na mlima wenyewe wa kawaida, Kitonga yetu ya Iringa yenye vumbi tu.

Mwanjelwa: Kitonga?! Kaka, acha hizo. Kitonga ni lami, tairi linashika. Finestre kilomita 8 za juu ni changarawe, kilele mita 2,178. Ukisimama kwenye pedali uzito unatoka kwenye gurudumu la nyuma, linazunguka bure. Unapanda umekaa, gia nyepesi, meno ya mbele na ya nyuma yakaribie kulingana, tairi la milimita 28 au 30, upepo psi 60 na kitu. Ukijaza 100 unarukaruka kila jiwe.

Mafinga: Usiidharau Kitonga, ndugu yangu. Kwenye kona zile lori la shaba linapanda kwa gia ya kwanza, huna pa kupita. Mwendo unakufa, unauanza upya katikati ya mwinuko. Hiyo inamaliza miguu kuliko changarawe yoyote. Nyie wa Mbeya mkisikia mlima mnawaza Chunya tu.

Mwanjelwa: Chunya nani kaitaja? Nionyeshe Kitonga yenye kilomita 18 za 9% tuendelee.

Tukuyu: Mimi nimechomwa na hilo la "alibebwa". Mwaka 2018 Yates huyohuyo alikuwa na pinki, akaipoteza Finestre hiyohiyo siku mpinzani wake Froome alipochomoka kilomita 80 kabla ya mwisho. Safari hii kawaacha Del Toro na Carapaz mlimani, peke yake, Van Aert hayupo hata karibu. Alimkuta baadaye.

Ipogolo: Sawa, mzee. Na Carapaz je? Tangu juu mmenikwepa.

Mafinga: Malori kwanza. Hamjanijibu la malori.