Ramani ya kubonyeza imetushinda kwenye simu. Niendelee nayo ama nirudi kwa picha ya ramani isiyobonyezwa?

RipotaWaLwang'ni: Wadau, hamjambo. Naripotia tovuti ndogo ya habari hapa Kisumu. Mhariri anataka taarifa yetu ya mafuriko iwe na ramani: msomaji aguse Ahero ama Budalang'i, kidirisha kifunguke, aone maji yalifika wapi na shule zipi zimefungwa. Nimeitengeneza kwa Flourish, zana ya mtandaoni ya kuchora ramani na chati. Kwenye kompyuta inapendeza mno. Kwenye simu sasa, unagusa Ahero inafunguka Awasi, na ukitaka kuteremka usome, inasogea ramani badala ya ukurasa. Watu wakifika hapo wanatoka. Nifanyeje?

BundiWaMilimani: Weka picha ulale. Archie Tse, wa idara ya michoro ya gazeti la The New York Times, alisema mwaka 2016 kwamba wameipunguza michoro ya aina hiyo kwa sababu wasomaji wengi hawabonyezi. Ukimtaka msomaji afanye zaidi ya kuteremka, alisema, lazima kitokee kitu cha kustaajabisha. Hao wana jeshi zima la wachoraji. Wewe uko peke yako na bando la kununua.

Mkaaji_Dunga: Bundi, hapo sikubaliani nawe. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda hadi kuvunja rekodi ya 1964, huku ufuoni hakuna aliyetaka picha ya Ziwa Victoria lote. Tuliuliza, je, kwetu? Picha haijibu hilo. Ripota, jedwali la Datawrapper, zana nyingine ya mtandaoni ya chati na majedwali, lina kisanduku cha kutafuta, na ni bure. Mtu aandike jina la wadi yake aone mstari wake, yaishe. Kidole hakikosei hapo.

MamaTakwimu: Nyote mmesahau rangi. Ukipaka kaunti kwa idadi ya watu walioathirika, zenye watu wengi zitakolea tu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 Nakuru na 1,155,574 Kisumu. Wakiathirika sawa kwa idadi, Kisumu imeumia karibu mara mbili, na ramani yako haitasema hivyo. Gawanya kwa idadi ya wakazi kwanza. Na usitumie nyekundu na kijani pamoja, wapo wasioweza kuzitofautisha.

RipotaWaLwang'ni: Asante mama, rangi nilikuwa nimezipaka hivyo hivyo. Basi picha juu, jedwali chini. Lakini mhariri ameshamwahidi mtu wa matangazo "kitu cha kubonyeza".

BundiWaMilimani: Kisanduku cha kutafuta si kinabonyezwa?

MamaTakwimu: 😂 Mwambie hivyo hivyo. Halafu hiyo picha andika jibu juu yake kwa maneno makubwa, pamoja na tarehe na jina la tovuti. Huku kwetu habari inasafiri WhatsApp, na mtu hutuma picha bila kiungo. Wiki ijayo utaikuta kwenye kundi la kanisa ikidaiwa ni mafuriko ya jana.