Mume alipigana Iraq, mke anatibiwa na nani?

Mama Zuwena, Columbus: Shikamooni wakubwa. Mume wangu alitumikia jeshi la Marekani, mapafu yakaharibiwa na moshi wa mashimo ya kuchomea taka kule Iraq. Hakukaa hadi pensheni. VA, idara ya serikali ya Marekani ya wanajeshi wa zamani, imempa ulemavu wa asilimia 100, wa kudumu, na yeye anatibiwa bure. Mimi je? Sina bima, na dawa za sukari zinakula kodi ya nyumba. Juzi nimekata kidonge katikati ili zifike mwisho wa mwezi.

Babu wa Minneapolis: Marahaba mwanangu, pole sana. Usikate dawa, tafadhali! Haki yako ni CHAMPVA, mpango wa VA wa kulipia matibabu ya familia za wanajeshi kama mumeo. Jaza fomu 10-10d, weka na nakala ya cheti cha ndoa. Kwa matibabu ya nje unatoa dola 50 za mwanzo kwa mwaka, kisha robo ya gharama wanazozikubali. Familia ikifikisha dola 3,000 kwa mwaka, zinazobaki wanabeba wao.

Asha TX: Dada, ukishapata kadi omba Meds by Mail. Kwa kuwa huna bima nyingine ya dawa, vidonge vya kila siku vinaletwa kwa posta, hulipi hata senti. Mimi ndiko ninakopata vya presha.

Babu wa Minneapolis: Na ukitimiza miaka 65, usiiache Medicare Part B, ile sehemu ya bima ya serikali ya wazee inayolipia madaktari na matibabu ya nje. Wengi hapo ndipo wanapoipoteza CHAMPVA.